Jiwe la Tatu, Kichwa Tu

Mkolani, Mwanza
12 Novemba 2023

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako Obedi wa melini aliniletea Jumatatu ikiwa na harufu ya dagaa, nikajua imesafiri vizuri. Nimefurahi kusikia goti limepoa. Kuhusu masikio, niliuliza hospitali wakanijibu kwamba yaliyoharibiwa na injini hayarudi. Basi tuendelee na kalamu, simu tuwaachie wanaosikia.

Leo nina kitu kipya. Pale kambini kwa wajenzi wa daraja, ninakopika, kuna mpima ardhi wa Kichina, mzee wa umri wako, anaitwa Shen. Asubuhi anashuka ufukweni na fimbo yake ya kupimia, jioni anajifunza Kiswahili kwa kuandika kwenye daftari. Humo anatafsiri mashairi ya kale ya kwao, ya watu waliofuata kitu wanachokiita Njia. Kwa maneno machache na mikono mingi alinieleza kwamba watu hao walikimbia vyeo wakakaa milimani, wakaona kuwa mambo mengi huharibika kwa sababu tunayashika kwa nguvu. Amenipa daftari nimsahihishie. Nasahihisha kidogo, nasoma sana. Sikia hili:

Nilipanda mti nipate kivuli.
Mti umekua, nami nimezeeka.
Kivuli chake kimelala kwa jirani.
Nimekaa juani, nacheka.

Na hili nimekuandikia kwa ajili ya masikio yako:

Mfalme ametuma farasi watatu kuniita.
Nimemwambia mjumbe, sikusikia.
Mto unapiga kelele mno.

Katika mambo haya mimi ni wa darasa la kwanza, baba, sina mwalimu. Ila nikilisoma lile la mti naona linaniambia nisipange sana, maana ninachokipanga kitakwenda kinakotaka chenyewe. Sijui kwa nini linanifariji.

Kuhusu mama. Nimesoma uliyoandika, kwamba ziwa linapanda na unataka tuhamishie mifupa yake huku kwenye kiwanja changu. Wazo ni zuri. Ila chumba chako bado kinapigwa plasta, na uwani kumejaa kokoto hata pa kuweka mguu hapana. Paulo anasema tungoje kidogo. Anakusalimu sana mkweo.

Mwanao,
Evelina

*

Nansio, Ukerewe
27 Novemba 2023

Mwanangu Evelina,

Marahaba, mama.

Mashairi nimeyasoma mara mbili, ya pili kwa miwani. Huyo wa mti hana akili ya shamba. Angeupanda upande wa jua la jioni, kivuli kingelala mlangoni kwake na asingekuwa na haja ya kucheka. Wa mto nimempenda. Huyo nina hakika alikuwa mtu wa injini. Mimi nami mwenyekiti wa kijiji akiniita kwenye vikao vyake, nanyoosha kidole kwenye sikio, naendelea kumenya muhogo.

Sasa tuongee ya kweli. Mwaka jana kutoka kaburi la mama yako hadi majini zilikuwa hatua thelathini na moja. Leo nimehesabu kumi na nane, na masika bado hayajaja. Huku sina ardhi nyingine. Mimi ni mtu wa kuja, nilipewa kipande hiki cha ufukweni nikashukuru. Ndiyo maana nataka Selina alale kwenye kiwanja chako, na siku yangu ikifika nilazwe pembeni yake, wewe utuone sote ukifungua dirisha.

Kibali mtendaji yuko tayari kutoa. Masele jirani yangu amepata wanaume wanne wa kuchimba. Anayekosekana ni wewe. Unaijua desturi yetu: kaburi la mzazi halifunguliwi mpaka mtoto wake apige jembe la kwanza. Kaka zako walitangulia, umebaki peke yako. Bila jembe lako hakuna mwanaume hapa atakayeugusa ule udongo, na mimi sitamwomba auguse.

Njoo Januari, mvua ikipumzika. Siku mbili zinatosha. Mpini wa jembe nimeshauchonga.

Baba yako,
Yakobo Ngosha

*

Mkolani
22 Desemba 2023

Baba yangu,

Shikamoo. Nisamehe kuchelewa kujibu. Kambini hatupewi likizo ya Krismasi mwaka huu, na Januari wanasema wageni wakubwa watakuja kukagua daraja, kwa hiyo wapishi hatutoki. Nimeomba, wamekataa. Nyumbani nako Paulo ana homa za mara kwa mara, siwezi kumwacha.

Lakini baba, nimepata shairi ambalo limenikalia kifuani wiki nzima. Liko katikati ya daftari la mzee Shen, peke yake kwenye ukurasa. Ninalinakili kama lilivyo:

Jiwe la kwanza, halionekani.
Jiwe la pili, halionekani.
Jiwe la tatu, kichwa tu.
Maji hayana haraka.
Hakuna kazi leo.

Nimelisoma nikipika, nimelisoma nikilala. Kwa uelewa wangu mdogo, mawe ni sisi watu. La kwanza ni wale waliokwisha kwenda, kama mama. La pili ni kaka zangu. La tatu ni sisi tuliobaki, tumetoa kichwa tu, na maji yanatujia polepole bila chuki yoyote. Halafu mshairi, badala ya kupiga mayowe, anasema hakuna kazi leo. Yaani anaweka jembe chini. Mzee Shen aliwahi kuniambia kwamba kwa watu wa Njia kutotenda ni tendo kubwa kuliko yote. Nadhani mstari huu wa mwisho ndio huo.

Basi nikawaza, labda tunakosea kutaka kumsumbua mama. Alizaliwa kando ya maji, alituogesha sote kwenye maji hayo. Yakimfikia, si watu wa mbali wanaomjia. Kwa nini tumchimbue, tumtie kwenye sanduku, tumvushe kama mzigo? Nakuomba ulifikirie, baba. Inawezekana heshima ya kweli ni kumwacha alipo.

Nawe ukiona hali ni mbaya uhamie kwa Masele kwanza, mpaka chumba kikamilike.

Mwanao,
Evelina

*

Nansio
14 Januari 2024

Evelina, mama,

Shairi limefika. Nimelisoma. Umelielewa kwa namna yako, na mtu ana haki ya kuelewa kwa namna yake.

Nina maswali mawili tu. Mzee Shen aliandika ukurasa huo tarehe ngapi? Na je, ana kurasa nyingine kama hiyo, zenye mawe?

Mimi nami nimeweka mawe yangu, matatu, kuanzia majini hadi kwenye msalaba wa mama yako, ule wa bomba la meli niliouchomelea mwenyewe. La kwanza halionekani tangu Alhamisi.

Kuhusu kumwacha Selina nitafikiri. Mwambie Paulo pole ya homa.

Baba yako,
Y. Ngosha

*

Mkolani
21 Februari 2024

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Kimya chako kimenitia wasiwasi, na jibu lako la Januari lilikuwa fupi mno. Nilidhani utanitania kidogo kama unavyofanya.

Tarehe kwenye ule ukurasa sikuiona, na kurasa nyingine za mawe zipo mbili tatu, ila nzuri ni ile niliyokunakilia. Sidhani kama washairi wa kale walikuwa wanaweka tarehe.

Jambo la kuchekesha: Obedi aliniambia mwanzoni mwa mwezi alikuona gatini hapa Mwanza, umevaa koti lako la kazi, una kitu kama futi ya fundi mkononi, unaondoka na meli ya mchana. Nikamwambia amekufananisha na mtu, kwani baba yangu akija Mwanza anakuja kwangu, anakula samaki, analala. Akageukia mizigo yake. Uzee huo, nadhani, hata kwake umeshafika.

Chumba chako kimepakwa rangi ya maziwa. Paulo ameweka kitanda na ndoano ya kutundika koti. Uwani ndiko bado. Kwa kweli hakuna sehemu ya kaburi kwa sasa, kuna karo la choo linachimbwa. Ndiyo maana nazidi kuona kwamba lile shairi lilikuja kwa wakati wake. Baba, naomba tumwache mama alale. Niandikie kwamba umekubali, ili nami nilale.

Mwanao,
Evelina

*

Nansio
12 Machi 2024

Mwanangu,

Nimekubali. Tumwache.

Wale wanaume wanne nimewashukuru wakarudi makwao. Masele hakupendezwa. Alikuwa amenipa pembe ya shamba lake huko juu mlimani, bure, akasema kama Mkolani ni mbali basi Selina alale kwake. Nikamjibu hata hapo ni lazima mtoto apige jembe kwanza, na mtoto ana kazi.

Lile shairi la mti nimelirudia. Nilimkosea yule mzee. Kumbe mtu anaweza kupanda upande ulio sawa kabisa, na kivuli bado kikalala kwa jirani. Ila kucheka sijaweza.

Rangi ya maziwa ni nzuri lakini huchafuka haraka. Mwambie Paulo.

Jiwe la pili halionekani.

Baba yako,
Yakobo

*

Mkolani
12 Mei 2024

Baba,

Shikamoo. Obedi ameniambia umehamia stoo kwa Masele na nyumba yetu imeingia maji. Nilipomuuliza kuhusu kaburi akasema hayo atayasema mwenye kaburi. Nimemwomba anisubiri, naandika nikiwa nimekaa kwenye mfuko wa simenti hapa gatini, mwandiko utausamehe.

Alhamisi mzee Shen alikuja kuaga, mkataba wake umekwisha. Nikamrudishia daftari, nikamwambia katika yote nitakumbuka shairi la mawe matatu. Hakunielewa. Nikamfungulia ukurasa. Akausoma, akacheka, kisha akaacha kucheka. Baba, si shairi. Kurasa za mashairi ameziwekea alama nyekundu pembeni, nami siku zote nilidhani ni wino umemdondokea. Zile nyingine ni kazi yake. Kuna mawe matatu ufukweni kule kwenye daraja aliyoyapiga namba, na kabla hajanipa daftari, asubuhi nyingine alikuwa anaandika humo yapi yanaonekana, kwa Kiswahili, ili ajizoeze. Hakuna kazi leo maana yake maji yalizidi, boti hazikuweza kufunga gati, vibarua wakarudishwa nyumbani. Ndivyo tu. Akaniuliza baba yangu anakaa wapi. Nilipomwambia ufukweni, alinishika mkono akanionyesha kwenye simu mstari wa ziwa unavyopanda tangu Oktoba. Sikuweza kumtazama usoni. Karatasi niliyokutumia ilikuwa inasema ondokeni, nami nikakutafsiria kwamba mkae.

Ningependa kosa liishie hapo, niseme sikujua, ni mambo ya wageni. Haliishii hapo. Nililisoma vile kwa sababu nilihitaji kulisoma vile.

Sina kiwanja, baba. Sina nyumba. Paulo aliiuza mwaka juzi bila kunishirikisha, akaniachia ufunguo usio na mlango, akaenda machimboni, sijui yuko na nani. Hana homa, au kama anayo sijui. Mimi nimepanga chumba kimoja nyuma ya mashine ya kusaga, na unga unaingia mpaka kwenye kitanda. Rangi ya maziwa haipo. Ndoano ya koti haipo. Nakumbuka ulivyopanda juu ya ile nyumba ukapigilia mabati siku tatu na goti lako lile, nikaona aibu. Nikasema nitakwambia Pasaka, nikasema nitakwambia Krismasi. Ulipoandika kwamba mama ahamie kwangu nilihisi nimebanwa ukutani, halafu daftari likanipa mlango na nikapita. Kila nilipokuandikia kuhusu Njia nilikuwa natafuta pa kutokea.

Kesho kutwa nakuja na meli. Kazi nimeshaaga, wakinifukuza wanifukuze. Nitalipiga jembe, tumpeleke mama mlimani kwa Masele. Waambie wale wanaume wanne warudi. Unipige ukitaka, ila usiniandikie maneno mafupi.

Evelina

*

Nansio
19 Mei 2024

Mama,

Jumanne nilikusubiri gatini, lakini tangu siku hiyo meli hazijatoka, upepo ni mbaya, nadhani ulirudi kutoka gatini huko huko. Kwa hiyo nakuandikia, na kwa kuwa umeomba yasiwe mafupi, nitakaa nayaandika mpaka Masele aanze kuyaonea uchungu mafuta ya taa yake.

Lile halikuwa shairi, nililijua siku ile ile lilipofika. Miaka ishirini na sita melini, kila saa niliandika kwenye daftari la injini: joto la maji, presha ya mafuta, kina cha tangi. Mtu aliyeandika vipimo anavitambua hata vikivaa koti la mtu mwingine. Ndiyo maana nilikuuliza tarehe. Ningekuwa nayo ningejua maji yanapanda kwa kasi gani.

Kwanza nilidhani umechoka na mimi, hutaki mzee kiziwi kwenye chumba kilichopigwa plasta. Nikasema basi nikurahisishie. Tarehe tatu ya mwezi wa pili nilipanda meli na futi yangu nije nipime mwenyewe mahali pa kaburi, kokoto au si kokoto, nisikusumbue. Obedi hakunifananisha na mtu. Nilifika Mkolani nikabisha kwenye ule mlango niliouning'iniza mwenyewe. Akafungua mama mmoja, anaitwa Tereza, mtu mstaarabu sana. Akanipa kiti na maji ya kunywa. Alipoona sisikii akachukua karatasi akaniandikia: Tulinunua kwa Paulo mwaka juzi. Mwanao hatujui alikohamia. Karatasi hiyo ninayo. Nilimaliza maji, nikatazama mabati yangu, nikarudi na meli ya mchana.

Sasa sikiliza kosa langu, maana nawe usijibebeshe lote. Ningeweza kukuandikia siku ile ile kwamba najua, njoo tumpeleke mama yako mlimani, nyumba ni bati na tofali tu. Sikuandika. Nilitaka useme mwenyewe. Niliona kwamba mtoto wangu ananidanganya kwa maneno mazuri namna ile, ya Wachina na milima, nikasema nitamngoja nione atafika lini. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yako ilikuwa ndefu, mama, na mimi nilikaa mwisho wake kwa kiburi nikihesabu mawe. Kwa hiyo Selina alikuwa na watu wawili wa kumtoa, mmoja anaona aibu, mwingine amekasirika. Nilipokuandikia nimekubali, sikuwa nimekubali. Nilitegemea utashtuka uje mbio. Ukanyamaza, nikajua kwamba umelala kama ulivyoomba.

Ziwa halikutungoja tupatane. Usiku wa tarehe ishirini na tisa Aprili lilikuja na dhoruba, likaingia ndani mpaka usawa wa kitanda, Masele akanitoa kwa mgongo wake. Asubuhi ufukwe ulikuwa umekatwa, kipande chote cha mbele kimekwenda. Kwa siku mbili msalaba ulionekana, kichwa tu, umeinama. Nilikaa juu kwenye mwamba nikiutazama. Masele akasema niwaite wale wanne wajaribu hata kwa kamba. Nikamjibu mtoto hajapiga jembe. Hata wakati ule, mama, nilisema hivyo. Siku ya tatu haukuonekana.

Mzee Shen ukipata anwani yake mwambie kwamba daftari lake limeandikwa vizuri, na asikusikitikie. Wewe ulisoma vibaya, mimi nilisoma vizuri, na hakuna kilichookoka kwa kusoma kwangu.

Wale wanaume wanne sitawaita. Jembe liko hapa nyuma ya mlango wa stoo. Mpini niliuchonga Novemba kwa urefu wako, nikikumbuka ulivyokuwa ukisimama pembeni yangu, na sasa naona labda nimeufanya mfupi kidogo, kwa kuwa sijakuona siku nyingi. Njoo uone kama unakufaa. Njoo na nguo za baridi, huku juu kuna upepo. Masele ana mkeka wa pili.

Usije mbio. Jiwe la kwanza halionekani, la pili halionekani, la tatu halionekani. Njoo tu tukae, mwanangu. Hakuna kazi leo.

Baba yako,
Yakobo Ngosha